Kamina: Pikipiki ya abiria isishushwe ovyo

Motari mfupi ana haki ya kutafuta namna miguu yake ifike chini. Kusimama kwa ncha za vidole ndani ya matope ya Kamina, na mama na mtoto wake wakiwa nyuma, ni hatari. Lakini kushusha amotisere za nyuma peke yake si dawa.

Nyuma ikishuka, mbele inanyanyuka. Usukani unakuwa mzito kwenye kona, na gurudumu la mbele linashika ardhi vibaya, zaidi kama kuna abiria wawili ao mfuko wa makala. Ukishusha mbele peke yake, usukani unakuwa mwepesi mno, pikipiki inayumba ikikimbia. Na hata ukishusha pande zote mbili, injini inakaribia chini. Kwenye barabara za udongo za kwenda Bukama ao Kaniama, kila shimo litaigonga.

Njia rahisi ipo: kupunguza sponji ya kiti. Sentimita mbili ao tatu zinasaidia miguu, na amotisere zinabaki kama kiwanda kilivyozipanga. Mwenye kulazimika kushusha, ashushe mbele na nyuma kwa kipimo kimoja, afupishe kisimamio cha pembeni, apime mnyororo, kisha atembee kwanza bila mtu nyuma.

Wamotari na mafundi wa Kamina wakubaliane juu ya hilo. Abiria analipa ili afike, halipi ili kazi ya fundi ijaribiwe juu yake.