Mkulima wa Nyanungu anahitaji utabiri wa kata yake

Kata ya Nyanungu, wilayani Tarime, ipo karibu na mpaka wa Kenya na inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wananchi wake wanaishi kwa mahindi, mihogo, ulezi na mifugo, na karibu shughuli zote hizo hutegemea mvua. Hata hivyo, utabiri unaowafikia wengi wao kupitia redio ni ule wa Ukanda wa Ziwa Victoria, unaojumuisha mikoa sita ya Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara. Mkulima anaambiwa mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, kisha anaachwa aamue mwenyewe iwapo apande wiki hii au asubiri ijayo.

Ieleweke kwamba hapa hailaumiwi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Mamlaka hiyo imeboresha kazi yake kwa kiasi kikubwa, na kwa baadhi ya wilaya imekuwa ikitoa utabiri wa kina zaidi ya ule wa kanda. Tatizo ni kwamba utabiri wa eneo dogo hauwezi kuwa bora kuliko vipimo vinavyopatikana katika eneo hilo.

Mwanza ipo rada ya hali ya hewa, lakini kutoka huko hadi Nyanungu ni zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Kwa sababu dunia ni duara, mwali wa rada unapofika umbali huo huwa umepanda kilomita kadhaa juu ya ardhi. Unaweza kuona kichwa cha wingu, lakini hauoni kinachodondoka shambani.

Na hili ni eneo lenye mawingu yasiyotabirika kirahisi. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi na upepo huvuma kutoka ziwani, ukipandisha unyevu kwenye miinuko ya Tarime, Kisii na Kericho. Kericho inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka, upepo wa nchi kavu huelekea ziwani na dhoruba huzuka huko, na wavuvi ndio huumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na timu ya Wim Thiery wa Ubelgiji, kwa kutumia picha za setilaiti, ulionyesha kuwa ngurumo za mchana nchi kavu ni dalili ya dhoruba za usiku ziwani. Kwa maneno mengine, kipimo kinachochukuliwa kwenye vilima vya Mara kinaweza kusaidia kumwokoa mvuvi aliye ziwani.

Wahandisi wameshatoa sehemu ya jibu. Mpango wa TAHMO, ulioasisiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, umebuni vituo vidogo visivyo na sehemu zinazozunguka, vinavyotumia paneli ya jua na kutuma takwimu kwa mtandao wa simu. Vingi huwekwa shuleni, ambako wanafunzi huvitumia kujifunzia na jamii huvilinda. Kituo cha aina hiyo hugharimu mamilioni kadhaa ya shilingi, si mamia ya mamilioni.

Chukulia mfano wa kaya 1,000 zilizopanda ekari moja moja kwa mvua ya kwanza iliyowadanganya, kisha kila moja ikalazimika kutumia Sh60,000 kwa mbegu na vibarua vya kupanda upya. Hiyo ni Sh60 milioni ndani ya msimu mmoja. Hata kama utabiri bora ungeokoa robo tu ya hasara hiyo, hesabu bado ingelipa.

Faida nyingine haizungumzwi sana. Chombo hicho hupima pia nguvu ya jua na kasi ya upepo. Anayetaka kufunga pampu ya maji, mashine ya kusaga au jokofu la maziwa linalotumia nishati ya jua anahitaji kujua mwezi wenye mawingu mengi utampa jua kiasi gani, ili anunue paneli na betri zinazotosha. Bila takwimu hizo atanunua kidogo akwame, au atanunua kupita kiasi na kubaki na deni. Taifa nalo lilipata somo mwaka 2006, pale ukame ulipopunguza maji kwenye mabwawa na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme.

Wapo watakaosema siku hizi kompyuta zinatabiri zenyewe. Ni kweli kwamba Februari 2025 kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, kilianza kutumia rasmi mfumo wa akili bandia. Lakini mifumo hiyo hujifunza kutokana na vipimo vya miaka iliyopita, na penye vipimo vichache hujifunza kidogo.

Wengine watauliza kwa nini fedha zisiende kwenye zahanati. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba kaya iliyovuna ndiyo yenye uwezo wa kuchangia zahanati, na kituo hakihitaji jengo wala mlinzi. Kinachohitaji ni matunzo, na hapo ndipo miradi mingi hufia: kifaa huzinduliwa kwa shangwe, betri huchoka, na hakuna fungu la kununua nyingine.

Kwa hiyo Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ingeanza kwa kutenga fungu dogo la kila mwaka kwa ajili ya matengenezo, ikubaliane na TMA kuhusu ubora wa vipimo, ndipo ichague shule. Ofisa ugani naye apewe jukumu la kuwaeleza wakulima utabiri huo kwa lugha ya shamba: panda sasa, subiri, au gawa mbegu upande nusu. Mwenye ekari moja hana ya pili ya kufanyia majaribio.