Suluhu ya Aliye Mbali: Haki ya Binti Isipotelee Njiani



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), juma hili twaelekeza kalamu yetu kwenye mas'ala ambayo akina mama wametuuliza mara nyingi: mtu aliye ughaibuni, naye ana haki yake nyumbani, afanyeje apatane na wenziwe nje ya mahakama pasi na kudhulumiwa wala kudhulumu?

Swali la safari hii limetoka kwa binti anayefanya kazi Riyadh, na kwao ni Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya kunakolimwa ngano na viazi. Baba yake amefariki, ameacha mjane, wavulana wawili na yeye. Shamba ni ekari 8. Kaka zake wamemtumia kwa simu picha ya karatasi isemayo kwamba amepokea shilingi 100,000 na hana dai tena katika mirathi. Watakia aitie sahihi na kuirudisha kabla ya Ijumaa, mambo yasije yakafika kortini. Mama naye amempigia akimsihi asivunje udugu. Binti auliza: je, akikataa atakuwa amekata undugu?

Jibu letu ni kwamba hajakata undugu. Kuomba haki kwa adabu si ugomvi. Ni kweli kuwa suluhu ina daraja kubwa katika dini yetu. Sura ya An-Nisaa, aya ya 128, yatufunza kuwa kupatana ni heri. Lakini wanazuoni wameiwekea suluhu mpaka: haifai ikiwa yahalalisha haramu au yaharamisha halali. Na kumnyima mrithi fungu lake kwa kumficha thamani yake ni haramu, hata kukiitwa masikilizano.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuijua haki kabla ya kuipunguza. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mjane hupata thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Katika ekari 8, hiyo ni ekari 1. Zilizobaki 7 hugawiwa mafungu matano: kila mvulana mawili, binti moja. Kila mvulana ana ekari 2.8, na binti ana ekari 1.4. Sasa binti aulize: ekari 1.4 za Timau zauzwaje leo? Mthamini aliyesajiliwa ndiye wa kusema, si kaka wala dalali. Na mtu wake aende ofisi ya ardhi akatazame hatimiliki iko kwa jina la nani na kama shamba limewekwa rehani.

Akishajua, ana hiari. Fiqhi inaruhusu mrithi kutoka katika mirathi kwa kupokea mali maalumu, na jambo hilo huitwa takharuji. Mmoja wa wajane wa Sahaba Abdurrahman bin Auf alipatana hivyo na warithi wenziwe, akachukua mali nyingi badala ya fungu lake. Pia binti anaweza kuwasamehe kaka zake fungu lote akitaka. Ila msamaha ni wa aliyejua anachosamehe.

Jambo la pili twalipata hapo hapo jirani na Timau. Mwezi wa Machi 2021 moto uliwaka katika milima ya Lolldaiga, upande wa Laikipia, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza, ukateketeza maelfu ya ekari. Wakazi walishtaki katika mahakama ya mazingira na ardhi ya Nanyuki. Uingereza ilidai kinga ya taifa la kigeni, na mwaka 2022 mahakama ikaamua kuwa kinga hiyo haizuii kesi kusikizwa. Mwaka 2025 pande mbili zikapatana nje ya mahakama: pauni milioni 2.9 kwa wadai 7,723. Ukizigawa sawasawa, ni kama pauni 375 kwa kila mmoja, na si ajabu wapo walionung'unika. Lakini tutazame mpangilio wake. Mlango wa mahakama ulifunguka kwanza, kisha ndipo suluhu ikaja. Aliye mnyonge hapati suluhu nzuri kwa kuahidi kwamba hatakwenda kortini kamwe. Huipata anapoketi kuzungumza na mlango wa hakimu uko wazi nyuma yake.

Binti wa Timau naye mlango wake uko wazi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, yaipa Mahakama ya Kadhi mirathi ya Waislamu, pande zote zikiwa Waislamu na zikiridhia. Mahakama ya Kadhi iko Isiolo, si mbali na Timau. Kifungu cha 159 cha katiba hiyo hiyo chazihimiza mahakama kukuza suluhu na upatanishi. Basi kwenda kwa kadhi si kutangaza vita. Kadhi mwenyewe aweza kuwaambia wakae na mpatanishi. Na tangu mwaka 2020 mahakama zetu zimezoea kusikiza watu kwa njia ya video. Saa ya Riyadh na ya Timau ni moja, hivyo udhuru wa umbali umepungua.

Jambo la tatu ni uwakala. Asiyeweza kusafiri huweka wakala, na uwakala ni halali kisheria na kidini. Lakini asimpe mtu madaraka yasiyo na kikomo. Hati iseme wazi: wakala ataweza kuhudhuria vikao, kuona nyaraka na kupokea mapendekezo, hataweza kuuza, kukubali kiasi chini ya hiki, wala kupokea fedha. Asiwe mmoja wa warithi wenye kunufaika. Binti atie sahihi mbele ya notari au katika ubalozi wa Kenya, uwe wa Riyadh, Doha au Maskati, na kwa mambo ya ardhi hati hiyo isajiliwe Kenya. Karatasi iliyopigwa picha na kutiwa sahihi jikoni kwa mwajiri, usiku, baada ya kazi ya kutwa, haifai kubeba urithi wa maisha.

Jambo la nne ni kuandika na kushuhudisha. Aya ndefu ya deni katika Sura ya Al-Baqara imetuamrisha kuandika na kuweka mashahidi katika deni la muda, sembuse mirathi. Makubaliano yataje kila mrithi, kila mali, kiasi, tarehe ya malipo, na litakalofuata asipolipwa. Kesi ikiwa imefunguliwa, yawasilishwe mahakamani yawe amri. Na ajue kuwa amri ya maridhiano ni ngumu kuivunja. Mahakama haiiondoi ila kwa sababu nzito kama udanganyifu. Kwa hiyo asome kila mstari, na asiposomeka kwake, asomewe na wakili wake yeye, si wakili wa kaka zake. Shamba likikatwa vipande, idhini ya bodi ya ardhi itahitajika. Na fedha ziingie katika akaunti ya binti kabla hajatia sahihi ya kuachia fungu lake.

Twageukia sasa upande wa kaka, kwani uadilifu una pande mbili. Huenda wao ndio waliomuuguza baba, wakalipa hospitali, wakalima shamba kwa miaka na kumtunza mama. Hayo yana uzito. Waliyotumia kwa ajili ya marehemu, kama ni deni, yaletwe kwa hesabu na ushahidi, yatolewe kabla ya kugawa. Binti naye akumbuke kuwa aliyebaki nyumbani alibeba mzigo ambao fedha za kila mwezi kutoka Riyadh hazikuubeba wote. Anaweza kukubali kulipwa kwa awamu, au kuacha sehemu yake ilimwe mpaka mama atakapostarehe. Huo ndio uzuri wa suluhu: hutengeneza njia ambazo hukumu haina.

Na mama zetu, twawaomba kwa heshima. Neno lenu kwa binti aliye mbali ni zito kuliko hati yoyote. Msilitumie radhi kama fimbo ya kumfanya aache alichopewa na Mola wake. Waiteni wana wenu wote, mfungue simu wamuone dada yao, kisha mwambie: tuhesabu pamoja. Ndugu waliohesabu pamoja huzikana. Waliofichana huzikwa na wengine.

Binti yetu, usiitie sahihi karatasi hiyo. Wajibu kaka zako kwa salamu na upole: nataka suluhu, nami nitaweka wakala, nipeni hesabu. Ijumaa ikipita hakuna kitakachoharibika.

Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo za familia zetu na atuepushe na kula mali ya batili. Amin.

Wabillahi taufiq.