Lile Gari Halikuwa Letu

Kichupa kinaanza na Toyota Crown nyeupe. Mlango unafunguka, unashuka mguu wenye raba mpya, kisha kamera inapanda taratibu hadi kwenye miwani ya jua. Mwenye mguu ni mtoto wa mjomba wangu, mwimbaji wa bendi ya watu sita kutoka Utete, Rufiji. Raba ni za mpiga picha. Miwani ni yangu. Gari tulilikodi kwa saa nne, na mwenye gari alikaa pembeni muda wote akitukumbusha tusiliegemee.

Nianze kwa kukiri, kwa sababu nitawasema watu humu na sitaki ionekane nilikuwa mbali. Dairekta nilimtafuta mimi. Ilikuwa mwaka 2022, niko mwaka wa tatu chuoni Dar es Salaam, na kwenye ukoo mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa najua mambo ya mjini. Bendi ilichanga shilingi 1,200,000, nyingi zikiwa fedha za ufuta. Mimi nikaongeza 300,000 kutoka kwenye bumu langu, nikala maharage muhula mzima. Nilimwambia binamu, "Kaka, bila kichupa kikali hamtoki." Akaniamini, maana mimi ndiye niliyesoma.

Tulikwenda kwenye nyumba ya kukodi yenye bwawa la kuogelea, huko Mbezi Beach. Bendi ile inapiga mchiriku uliochanganywa na ngoma za kwetu: kinanda kidogo cha Casio, ngoma tatu, waimbaji wawili, mmoja wao akitikisa manyanga. Dairekta alipoona ngoma zinashushwa kwenye bajaji akauliza, "Hizi za nini tena?" Akaambiwa ndiyo muziki wenyewe. Akasema zitamchafulia fremu. Zikabaki getini kwa mlinzi. Wapiga ngoma wakapangwa nyuma ya mwimbaji, mikono mfukoni, kama machawa wa bosi. Mpiga kinanda hakuonekana kabisa. Alipewa kazi ya kushika taa.

Akaletwa na binti wa kukaa kwenye ukingo wa bwawa. Nikauliza kwa nini tusimwite mama mmoja wa Utete ambaye ngoma hiyo akiicheza watu wanaacha sahani zao. Dairekta akanijibu kwa upole kabisa, "Dada'ngu, hii ni video, siyo unyago."

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kumtoa mwali.

Tuliporudi getini tulimkuta mlinzi anazigonga zile ngoma kwa vidole. Alikuwa mtu wa Kibiti. Akaomba namba ya simu, ana shughuli ya mdogo wake. Hiyo ndiyo kazi pekee tuliyoipata kutokana na siku ile, na yule mlinzi hata kichupa hakukiona.

Kichupa kilipandishwa YouTube. Watazamaji walifika 900 na kitu, nami naamini 200 kati yao ni mimi. Ukaja msimu wa sherehe, ule ambao watu wakishauza ufuta wanaoza na kuwatoa wali, na simu ya bendi haikuita kama ilivyozoea. Tulidhani ni hali ya uchumi. Kisha binamu akakutana sokoni Ikwiriri na mama aliyekuwa akiwaita kila mwaka, na ambaye safari hii alikuwa amekodi spika na kijana wa kupiga nyimbo za kwenye kompyuta. Akamsalimia, akamuuliza kulikoni. Mama akamwambia, "Mwanangu, nimekuona kwenye simu ya mjukuu wangu. Una gari, una nyumba ya ghorofa. Nikasema hawa sasa wa Dar, sisi tutawaweza wapi?"

Mwisho wa mwaka kinanda kiliuzwa.

Nimekuwa nikisikia kwamba vichupa vya bendi ndogo vinashindwa kwa sababu ya kamera duni, au kwa kukosa fedha za kusukuma mtandaoni. Chetu hakikushindwa. Kilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi: kiliwaaminisha watu waliokuwa wakituita kwamba hatuitiki tena.

Ninachosema ni hiki. Kichupa cha bendi isiyo na tajiri nyuma yake kina kazi moja: kumfanya anayekitazama aseme "hawa niwaite". Na ule utaratibu tuliouzoea, wa gari la kukodi, nyumba ya kukodi, binti wa kukodi na droni juu ya bwawa, unafanya kinyume chake. Unamwambia mtazamaji akae mbali.

Sina ugomvi na magari kwenye kichupa cha mtu ambaye hiyo ndiyo biashara yake. Diamond Platnumz alipokwenda Afrika Kusini kurekodi kichupa cha "Number One" mwaka 2013, kichupa kile kwake kilikuwa nauli ya kuvukia mpaka. Likafuata toleo la wimbo huohuo akiwa na Davido wa Nigeria, na leo hakuna haja ya kumweleza mtu Diamond ni nani. Msanii wa namna hiyo anauza jina lake kwa vituo vya televisheni vya nchi nyingine, kwa waandaaji wa matamasha makubwa, kwa kampuni zinazotaka sura ya kuweka kwenye mabango. Wateja hao wanataka kuona ukubwa, naye anawaonesha. Hesabu inakubali.

Sasa chukua hesabu hiyohiyo uilete kwa watu sita wanaolipwa kwa shughuli: harusi Ikwiriri, mwali Mkongo, kigodoro Mbagala kwa ndugu waliohamia mjini. Mteja wao ni shangazi mwenye daftari la michango. Anataka kujua mambo matatu: mnapiga nini, mnafikaje kwake, na anawamudu? Kichupa chetu kilimjibu moja tu, la mwisho, tena kwa uongo. Fundi seremala anayetafuta wateja hapigi picha amekalia kochi la jirani. Anapiga picha kochi alilolichonga.

Tena si kwamba picha ndiyo iliyofanya muziki wetu upendwe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo ni Msondo Ngoma, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zilipendwa na maelfu ya watu waliozijua kupitia Radio Tanzania tu, bila kuona sura ya mwimbaji hata mmoja. Sisemi turudi huko. Redio nayo ilikuwa na wenyewe. Nasema wale walianza na sauti, na sura ikaja baadaye kuithibitisha. Sisi tumeanza na sura, tena ya kuazima, na sauti tumeiacha getini.

Kuna watu waliofanya vingine, na si mbali. Mwaka 2010 vijana wa Nairobi wanaojiita Just a Band, waliokuwa wakijifanyia mambo yao wenyewe, walitoa kichupa cha wimbo wao "Ha-He". Humo hakuna bwawa wala mtu anayemwaga noti. Kuna mbabe mmoja anayeitwa Makmende anayetembeza kichapo mtaani, kwa mtindo wa zile filamu za ngumi za miaka ya 1970. Jina lenyewe ni la utotoni: Nairobi mtoto akijifanya jasiri kupita uwezo wake, wenzake walimuuliza kama anajiona Makmende. Husimuliwa kwamba asili yake ni maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu, yaliyosikika vibaya kisha yakapata uraia. Wakenya walipokiona kichupa wakakichukua kikawa chao. Wakatunga vichekesho vya Makmende, wakatengeneza majalada ya magazeti na noti zenye sura yake, mpaka vyombo vya habari vya Marekani vikauliza huyu ni nani.

Utaniambia: mbona humo bendi haionekani ikipiga? Ni kweli, na ndiyo maana situngi sheria kwamba lazima ngoma ionekane. Kipimo changu ni kingine. Mnairobi aliyekiona kichupa kile alisema, "Huyu ni wetu." Mama wa Ikwiriri alipokiona chetu alisema hawa si wetu tena. Tofauti hiyo hailetwi na bei ya kamera.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu binamu yangu mwenyewe alishanijibu. "Dada," aliniambia, "maisha ya Utete nayaona kila siku. Kwa nini niyaone tena kwenye video yangu?" Swali hilo nilibeba hadi chuoni, na bado nalibeba. Mimi niliyeondoka, ninayesoma shahada ya pili na kuandika makala, ni rahisi kumwambia aliyebaki kwamba kijijini kunapendeza. Kijana ana haki ya kutamani Crown. Lakini nilipomuuliza bendi ilikuwa ikitamani nini kabla mimi sijawatia maneno, aliniambia walitaka waalikwe Dar wapige usiku kucha, watu wasiondoke. Hiyo ndiyo ndoto iliyouzwa kwa saa nne za kuliegemea gari, na hata kuegemea kwenyewe tulikatazwa.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Wapo wanaosema kwamba ukikataa bwawa utaishia kwenye vumbi: nyumba za udongo, watoto pekupeku, mzungu anafurahi. Hofu hiyo haikutoka hewani. Jagwa Music, kundi la mchiriku la Dar es Salaam, lilitolewa albamu ya "Bongo Hotheads" na kampuni ya Ubelgiji mwaka 2012, na likasikika Ulaya likiwa na vinanda vyake vidogo na ngoma zake bila kujipaka rangi. Nawapongeza kwa hilo. Lakini baada ya mafanikio kama hayo hatakosekana mjanja wa kuagiza umaskini kama sisi tulivyoagiza gari. Vumbi nalo hukodishwa. Kama dairekta wetu angewavua wapiga ngoma viatu na kuwapanga mbele ya kibanda ambacho si chao, ningeandika makala hii hii kwa hasira hii hii. Wapiga ngoma wetu wana viatu. Wakienda shughulini wanavaa mashati yaliyopigwa pasi, na mmoja ana saa ambayo haivui hata akipiga.

Nimeiona hiyo saa kwenye kichupa kingine, ambacho hakuna aliyekilipia. Ilikuwa Agosti 2023, harusini Ikwiriri, bendi ikipiga kwa kinanda cha kuazima. Mwalikwa mmoja alirekodi dakika mbili na nusu kwa simu. Picha inatikisika, sauti inakwaruza, na katikati mtoto anapita na sinia la pilau, anaziba kila kitu. Lakini unaona mikono sita juu ya ngoma tatu. Unamwona bibi mmoja anakuja kwa mwendo wa madaha, anambandika mpiga ngoma noti kwenye paji la uso, kisha anageuka na kuanza kucheza yeye. Watu wanapiga vigelegele. Sauti nyuma ya simu inamwambia mtu, "Ndio wale wa Utete!"

Kipande kile kilipita WhatsApp, kundi hadi kundi. Wakati huo namba ya bendi ilikuwa yangu, maana simu ya binamu ilikuwa mbovu. Akapiga mtu wa Kibiti. Akapiga mtu wa Nyamisati. Akapiga mwanamke wa Mbagala, akauliza, "Samahani, nyie ndio wale wa bibi?" Nikamwambia ndiyo, ndio sisi. Katika miezi miwili zilipatikana shughuli tatu. Si utajiri, na kinanda chenyewe hakijarudi hadi leo. Lakini zilikuwa tatu, na zote ziliwataka wapiga ngoma wote.

Kwa hiyo madairekta, sisemi simu inawatosha watu na nyie mkalale. Sauti ya kipande kile inaniuma kila nikikisikiliza. Kinanda hakisikiki kabisa. Nyie mnajua mwanga, mnajua kunasa sauti, mnajua wapi pa kukata. Ujuzi huo ndio tulioulipia 1,500,000, mkautumia kuficha tulichokuja nacho. Nasi tuliokwenda shule tuache kuwaambia ndugu zetu kwamba kutoka ni lazima kufanane na kuhama.

Na wewe uliyetupiga kile kichupa, kama utasoma hapa, kazi bado ipo. Panda gari Mbagala, pita Kibiti, pita Ikwiriri, vuka Daraja la Mkapa, shuka Nyamwage, utakuta gari la Utete. Njoo msimu wa ufuta, Jumamosi, na maiki nzuri. Yule mama niliyekwambia bado anacheza. Mwisho wa kichupa uandike namba ya simu kwa herufi kubwa. Wote sita waonekane, na ngoma zisiachwe nje.