Mkitoka na Mbwa, Tokeni Wote

Mwezi huu safu yetu inaelekea kusini, mkoani Lindi, kwenye wilaya mbili jirani za Nachingwea na Ruangwa.

Vijana wengi wanapangiwa kazi huko. Kuna walimu, manesi, maafisa kilimo, wahasibu wa vyama vya ushirika vya korosho na mafundi waliofuata madini ya kinywe Ruangwa. Unafika na mwenzako, mnapanga nyumba yenye uwanja mpana kuliko chumba na sebule mliyoiacha Dar, na baada ya miezi michache mnagundua kwamba jioni ni ndefu. Sinema hakuna, ufukwe uko mbali. Ndipo mmoja wenu anapotoa wazo: "Kwa nini tusifuge mbwa, tukawa tunatembea naye jioni?"

Wazo zuri sana hilo. Kutembea pamoja kunawapa wapendanao nafasi ya kuzungumza bila simu wala televisheni, na mbwa hakubali visingizio: saa yake ikifika, mtatoka tu. Lakini tusidanganyane. Kwa mazingira yetu, mbwa anaweza kuwagombanisha na majirani, wakwe na hata ninyi wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo kabla hamjanunua mnyororo, tuzungumze.

Mbwa wa kusini ana kazi

Kwa wenyeji wa huku, mbwa ana kazi yake. Analinda nyumba usiku, anafukuza nyani na nguruwe pori wanaoshambulia mashamba, na tangu zamani ameongozana na wawindaji porini. Kumwona kijana aliyevaa raba akimtembeza mbwa kwa mkanda bila jembe wala upinde ni jambo geni. Watu watacheka, watoto watawafuata. Msikasirike. Anayekuona na mbwa anajiuliza swali moja tu: huyu anang'ata? Ni juu yenu kumwondoa hofu, si juu yake kuizoea.

Malizeni ndani kwanza

Kusini kuna Waislamu wengi, na ndoa za vijana waliokutana chuoni mara nyingi zinaunganisha malezi tofauti. Chukulia mume amekulia Moshi, mbwa walikuwa wakilala barazani kwao. Mke amekulia Lindi mjini kwenye nyumba ya Kiislamu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda. Kwa hiyo mke akisema "asiingie ndani", kaka yangu, usimwite mshamba wala usidhani hampendi mnyama. Anatetea swala yake na vyombo vyake.

Mnaweza kukubaliana hivi. Mbwa awe na banda lake nje na bakuli lake lisiloguswa na vyombo vya jikoni. Kuwe na nguo na viatu vya matembezi vinavyoachwa mlangoni. Anayetaka kumshika amshike, asiyetaka atembee upande wa pili. Mama mkwe akija, mbwa afungwe kabla hajafika getini, si baada ya kupiga kelele. Yakiwashinda hayo, basi msifuge. Kuna wapenzi wanaotembea vizuri tu wawili, na mbwa wa jirani akiwafuata kwa hiari yake.

Wewe usiyempenda mbwa nawe una wajibu. Ukishakubali afugwe, usimgeuze kijembe cha kila siku: "Mbwa wako amefanya hivi, mbwa wako amefanya vile." Kama kuna jambo linakukera, liseme siku hiyo hiyo, tena mkiwa njiani.

Chanjo kabla ya matembezi

Hapa naomba utulivu, maana ni suala la uhai. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara kinaua. Visa karibu vyote vya binadamu duniani, 99 kwa kila 100, vinatokana na mbwa. Kuanzia 2010 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kuchanja mbwa kusini-mashariki mwa Tanzania. Hesabu ya wataalamu ni rahisi: mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, tena kwa kurudiarudia, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Lakini kila mwaka wanazaliwa wapya, kwa hiyo kazi haiishi.

Mpelekeni mbwa wenu kwa mtaalamu wa mifugo akifikisha miezi 3, mrudie kama atakavyowaelekeza, na mtunze cheti. Mbwa anayetembea vijiji viwili vitatu kwa jioni moja anakutana na mbwa wengi kuliko anayelala getini. Na mtu yeyote aking'atwa, hata na mbwa mnayemjua, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali bila kungoja kesho. Pilipili, mafuta ya taa na dawa za kienyeji si matibabu ya kichaa cha mbwa. Akiwa ni mtoto wa jirani, mpelekeni ninyi wenyewe. Gharama ya sindano inauma, lakini ujirani ukivunjika haurudishwi na sindano.

Njia za kupita

Uzuri wa Nachingwea na Ruangwa ni kwamba njia za miguu zipo tele kati ya mikorosho, mashamba ya ufuta na mbaazi, na vilima vinavyoibuka ghafla. Msimu mzuri ni kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, nyasi zinapanda, nyoka hawaonekani na kupe wanaongezeka. Tokeni alfajiri au baada ya saa 10 jioni. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa kwa kuhema. Weka kiganja juu ya barabara. Ikikushinda wewe, nyayo zake nazo zitaungua.

Nachingwea mnatembea juu ya historia. Ilikuwa moja ya sehemu za ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Baadaye mji huo ukawa na kambi ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO, chini ya Samora Machel, kabla ya Msumbiji kuwa huru 1975. Jioni moja chagueni mada hiyo, halafu mkutane na mzee wa mtaa, mumwamkie na kumsikiliza. Mtarudi na simulizi ambazo hamkuzisoma chuoni.

Ruangwa angalieni ratiba ya mpira. Namungo wakicheza kwenye Uwanja wa Majaliwa, barabara zinajaa watu, honi na vuvuzela. Siku hiyo mbwa abaki nyumbani, ninyi nendeni uwanjani.

Tahadhari ya mikorosho: katikati ya mwaka wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga. Mkiona vumbi la njano kwenye majani, badilisheni njia, maana linawasha macho na pua, yenu na ya mbwa. Wakati wa mavuno, korosho mbichi asizitafune. Ganda lake lina mafuta yanayobabua. Na shambani si njia ya umma. Salimieni, ombeni kupita. Porini mbwa awe mkononi, kwa sababu mitego ya nyaya inayotegwa kwa nguruwe pori haichagui.

Maji na pwani

Mkipata wikiendi ndefu, kuna Ziwa Rutamba na uwanda wa Rondo upande wa Lindi. Msitu wa Rondo ni hifadhi, na ndiko anakotoka komba mdogo aliyepewa jina la uwanda huo, mnyama adimu anayepatikana Tanzania tu. Ulizeni ofisi ya misitu kabla ya kupeleka mbwa. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere msijaribu kabisa. Hifadhi za taifa haziruhusu wanyama wa kufugwa.

Kwenye ziwa au mto wowote, ulizeni wenyeji kuhusu mamba kabla ya mbwa kuonja maji, na ninyi wenyewe kumbukeni kichocho. Pwani ya Lindi na Mtwara, tembeeni maji yakiwa yamekupwa, na mbwa asifukue mchanga sehemu ambazo kasa hutaga mayai.

Historia ya kusini inaye mbwa wake. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani akaanza safari yake ya mwisho barani. Katika safari hiyo alikuwa na mbwa mdogo aliyeitwa Chitane. Januari 1867, wakivuka bwawa pana katika nchi ambayo leo ni Zambia, kila mtu alishughulika na mzigo wake na hakuna aliyemkumbuka mbwa. Alijaribu kuogelea, akazama. Msafara mzima wa watu, na hakuna aliyeambiwa kwamba mbwa ni kazi yake! Basi kabla ya kufika kwenye maji, mmoja wenu aseme kwa sauti: "Leo ninaye mimi."

Mkikutana na watu

Mfupisheni mkanda mnapoona mtoto, mzee au mtu aliyejitwisha. Simameni pembeni, mwacheni apite kwanza, kisha salamu. Wafundisheni watoto wa mtaa wasikimbie wala kurusha mawe, lakini kwa upole. Kinyesi kifukieni. Na mkichoka naye au mkihamishwa kituo cha kazi, msimwache akiranda mitaani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, na huyo mliyemwacha ndiye kesho asiye na chanjo wala mwenyewe.

Kaeni chini leo, wewe na mwenzako, muulizane maswali matatu: nani atamlisha, nani atampeleka chanjo, na nani atazungumza na jirani akilalamika? Kama majibu yote ni jina la mtu mmoja, bado hamjawa tayari. Kama yamegawanyika, basi jioni za Nachingwea zitakuwa fupi sana kwenu.

Nawatakia matembezi mema. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.