Picha za Virunga zirudi nyumbani, zirudi na majina

Nilipoanza kupiga picha hapa Vitshumbi mwaka 1988, mkanda mmoja ulitoa picha 36 tu. Nililala kifudifudi kando ya Ziwa Edward tangu alfajiri, nikimngoja kiboko apige miayo. Mkanda ukiisha niliupeleka Goma, zaidi ya kilomita 100, na pengine picha mbili tu ndizo zilizofaa.

Niliiona hiyo kuwa taabu hadi nikasoma habari za waliotangulia. Carl Georg Schillings, Mjerumani, alipiga picha za wanyama usiku katika nyika za Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20. Alitumia sahani za kioo na unga wa magnesiamu: mnyama akigusa kamba, unga unalipuka na kamera inanasa.

Carl Akeley, Mmarekani, alishindwa kuwapiga filamu Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki, kwani kamera yake haikugeuka upesi. Akaunda yake mwenyewe. Mwaka 1921 alipanda nayo Mlima Mikeno, akawapiga filamu gorila wakiwa huru porini. Safari hiyo aliwaua kadhaa kwa ajili ya makumbusho ya New York, kisha akaiomba Ubelgiji, iliyotutawala wakati huo, iwalinde waliobaki. Hifadhi yetu ya Virunga ikaundwa tarehe 21 Aprili 1925. Mwaka uliofuata alifia Mikeno, akazikwa huko huko.

Namheshimu. Lakini ile kamera ilipandishwa mlimani kwa migongo ya nani? Katika picha nyingi za zamani nilizoziona, mgeni ana jina; mwenzetu aliyetangulia kwenye matope na upupu ni "mpagazi" basi.

Picha ni shahidi. Katikati ya miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Nikimsimulia mjukuu wangu jinsi walivyojaa ufukweni, hufikiri namtungia hadithi.

Kwa hiyo naziomba taasisi za New York na Brussels zinazotunza picha hizo za zamani zilete nakala katika shule za Vitshumbi na Rutshuru. Nanyi wazee, tajeni majina ya baba na babu zenu waliobeba mizigo ile, vijana wayaandike kabla hamjaondoka nayo.

Mimi nimeshaanza. Nyuma ya kila picha yangu ya ziwani nimeandika jina la aliyenipigia kasia.