PIMA MTI KABLA YA KUUANGUSHA

Hapa Kyimo milingoti hukua haraka, kwa kuwa mvua ni nyingi. Mche uliopandwa kando ya nyumba, baada ya miaka kadhaa umelipita paa mara tatu. Kisha tunataka mbao au kuni. Tunamwita mtu mwenye msumeno. Anautazama mti, anaitazama nyumba, anasema, "Hautafika." Nasi tunakubali!

Mimi nasema tusikubali. Jicho hudanganya, hasa kwenye miteremko yetu. Mti ukianguka vibaya, huvunja nyumba au migomba ya jirani. Migomba huchipua tena. Je, mtoto aliyekuwa jikoni?

Kupima si kazi ngumu. Chukua karatasi yenye pande nne zilizo sawa. Ikunje kona kwa kona. Umepata pembetatu. Pembe moja ni pembe mraba, kama kona ya mlango. Pembe nyingine mbili ni nyuzi 45 kila moja, na pande mbili fupi ni sawa. Siri yote iko hapo.

Weka kona moja kali karibu na jicho. Upande mmoja mfupi ulale, mwingine usimame mbele. Kwenye kona ya juu ning'iniza uzi wenye kijiwe. Ukifuata upande uliosimama, hukuinamisha karatasi. Ni timazi, kama ya mwashi. Sasa tazama kwa kufuata upande mrefu. Rudi nyuma pole pole mpaka uone ncha ya mti. Simama. Pima toka hapo hadi shinani, kisha ongeza kimo cha jicho lako toka ardhini. Ukipata mita 18 hadi shinani, na jicho liko mita 1 na nusu, mti una mita 19 na nusu. Nyumba iliyo mita 17 toka shinani inaweza kupigwa.

Lakini usisimame juu ya mteremko wala chini yake. Zunguka mpaka uwe usawa mmoja na shina. Wengi hukosea hapa, kisha husema hesabu ni uongo.

Inasimuliwa kwamba Thales, Mgiriki wa kale, alipima piramidi za Misri kwa kivuli. Vema, huko jua lipo. Sisi na ukungu wetu tungengoja siku ngapi?

Kama nyuma yako kuna korongo, huwezi kurudi mbali, kata pembetatu ya boksi: upande wa chini sentimita 10, wa kusimama sentimita 20. Pembe ya jichoni ni karibu nyuzi 63. Hapo zidisha umbali kwa 2, kisha ongeza kimo cha jicho.

Basi tukipatana na mkataji, tumwambie apime kwanza mbele yetu. Kama mti unafika nyumbani, aukate toka juu, kipande kwa kipande, kwa kamba. Akidai bei zaidi kwa kazi hiyo, ana haki. Akikataa kupima, mwite mwingine.