Mwomba Hifadhi na Mwaka Wake Mmoja

Kwa mwomba hifadhi nchini Marekani, ukimya una gharama. Kufuatana na mabadiliko ya sheria ya 1996, ombi hupaswa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuwasili, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika. Baadhi ya ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi hunyamaza kwa hofu, au humlipa dalali awaandikie kisa kisicho chao. Kisa hicho kikipingana na maneno yao mbele ya afisa, hata mateso ya kweli hukosa kuaminiwa. Na uongo wa makusudi waweza kuwafungia daima njia ya hifadhi na ya kadi ya kijani.

Parokia haina mamlaka ya kutoa ushauri wa kisheria. Hata hivyo, yaweza kutoa vyeti vya ubatizo na ndoa bila kukawia, kumtafuta mtafsiri atakayethibitisha kwa saini tafsiri ya Kiingereza, na kumfikisha mgeni kwa wakili mwenye leseni, ama kwa ofisi za mtandao wa CLINIC, ulioasisiwa na Maaskofu wa Marekani mwaka 1988.

Kristo alijitambulisha na mgeni. Basi, tunapomkaribisha mgeni baada ya Misa, tumuulize pia tarehe aliyowasili: huenda miezi yake inakaribia kwisha.